Minyanya Iliyoona Kiu kwenye Udongo Mbichi

Kila asubuhi, baada ya chai, Mwadini alivaa kofia yake, akachukua ndoo zake mbili na kutoka. Mkewe, Mwanamwema, alimtazama dirishani mpaka alipopinda kona ya jengo. Akishapinda, mama wa watu alishusha pumzi na kuanza kuosha vyombo.

Alikuwa na sababu ya kushusha pumzi. Mwadini alikuwa dereva wa basi hapa London tangu ujana wake. Alipostaafu, alikaa kwenye kiti chake cha sebuleni, nyumbani kwao Tottenham, na hakuinuka. Yaani aliinuka kusali, kula na kulala. Lakini yule Mwadini mwenyewe, mwenye mizaha na ubishi, hakuinuka. Binti yao Afra, anayekaa Walthamstow, alipopiga simu, baba alijibu "mzima" tu, kisha akampa mama simu. Daktari alimpima na kusema mwili hauna maradhi. Alishauri apate jambo la kumtoa nje.

Ndipo wakapata shamba. London watu wengi wanakaa kwenye maghorofa na hawana bustani. Kwa hiyo serikali ya mtaa hukodisha vipande vidogo vya ardhi, kila mtu na chake. Waingereza huviita allotment. Mwadini alikiita chake konde, kama wanavyosema kwao Wete, kisiwani Pemba. Alipanda nyanya, ambazo Wapemba huziita tungule.

Basi akawa mtu tena. Alirudi nyumbani na udongo kwenye kucha na maneno mdomoni. Alieleza ua lipi limefunguka na jani lipi limetoka. Mwanamwema hakupata kupenda kilimo hata siku moja, lakini alisikiliza yote, na mengine aliomba arudiwe.

Kisha mvua ikagoma. Watu wa London hulalamika mvua ikinyesha, na kiangazi kile walilalamika haikunyesha. Nyasi za bustani zikawa rangi ya mkate. Kampuni ya maji ikapiga marufuku kumwagilia kwa mpira. Ndoo na makopo viliruhusiwa, lakini tangi la pale mashambani lilishuka kila siku.

"Tungule hazitakufa na mimi nipo," alisema Mwanamwema.

Tangu siku hiyo, nyumbani kwao hapakumwagwa hata tone. Maji ya kuoshea mchele yaliwekwa. Maji ya kuoshea mboga yaliwekwa. Hata maji ya udhu yalikingwa kwenye beseni. Mwadini aliyabeba yote hadi kondeni. Ilikuwa kazi nzito kwa mtu wa umri wake, na aliifanya kwa furaha.

Lakini minyanya ilianza kulegea. Asubuhi majani yalining'inia. Kingo zake zikawa kahawia, kama karatasi iliyopitiwa na moto. Mwadini aliongeza maji. Majani yakazidi kulala. Tena mbweha, wale mbweha wa London wanaozurura kwenye mapipa ya taka, wakaanza kuchimba shinani kila usiku. Mwadini alifukia mashimo, na kesho yake akayakuta tena.

Jioni moja alirudi akakaa kwenye kiti kile.

"Za kondeni?" aliuliza Mwanamwema.

"Zile zile."

"Zile zile vipi?"

"Udongo mbichi, mti una kiu. Sijapata kuona jambo kama hili." Alisukuma ndoo kando kwa mguu. "Nafikiri n'warejeshee watu wa serikali ya mtaa ufunguo wao wa lango. Konde hili apewe anayeweza."

Mwanamwema alikuja akasimama mbele ya kiti. Hakuwa akililia nyanya. Nyanya zimejaa sokoni. Aliogopa kwamba konde likiondoka, mumewe ataondoka nalo, na yeye atabaki na mtu anayejibu "mzima".

"Usirejeshe kitu," alisema. "Kesho twende sote."

Kesho yake walikwenda pamoja. Shamba la jirani lilikuwa la Zipporah, mwanamke wa Kikenya aliyelingana umri na Afra. Zipporah alikuwa mtafiti wa mimea chuo kikuu. Kazi yake ilikuwa ya ajabu kidogo: aliinyima minyanya maji kwa makusudi, kisha akapima kinachotokea ndani yake. Mwadini alimtania siku zote kwamba analipwa kwa kuonea viumbe wa Mungu.

"Shikamoo Mzee. Shikamoo Mama Afra," alisema Zipporah. Kwao bara hawaamkii sana hivyo, lakini alikuwa amejifunza kwa ajili yao.

"Marahaba, mwanangu," alisema Mwanamwema. "Njoo utazame wagonjwa wetu."

Zipporah alichuchumaa. Alibana jani, akaingiza kidole udongoni. Kilitoka na tope. Alikunja uso.

"Hii ni maajabu. Nyanya zangu sijazimwagilia tangu wiki iliyopita, na zimesimama wima. Zenu zinaogelea, na zimelala." Akaona mashimo. "Na hawa mbweha wanatafuta nini kwenu? Kwangu hawakanyagi."

"Mbweha hana adabu," alisema Mwadini.

"Mbweha ana pua, Mzee." Zipporah alichukua udongo kidogo, akaunusa. Akaunusa tena. "Mama Afra, huu udongo unanuka samaki."

"Ni maji yake," alijibu Mwanamwema. "Tunapika samaki wa chumvi, yule mkavu. Lazima umroweke kwanza ili chumvi itoke. Yale maji hatuyamwagi. Baba Afra anayaleta huku."

"Yana nguvu maji yale," alisema Mwadini. "Pemba baba yangu akipanda mnazi, akiutilia chumvi shinani. Minazi yake ilikuwa ikitazamwa na kila mpita njia. N'kasema, kama mnazi unapenda, tungule nayo itapenda. Nazo zilivyozidi kulegea, ndivyo n'livyozidi kuzipa."

Zipporah alikung'uta udongo mkononi. Mwanamwema alimwona akimtazama mzee usoni, kisha akatazama chini. Mama akaelewa kwamba liko jambo, na ni jambo baya. Kimoyomoyo alimwomba Mungu binti huyu achague maneno yake.

"Mama Afra," Zipporah alianza polepole, "samaki mbichi ukimpaka chumvi, nini hutokea?"

"Anatoa maji."

"Anayatoa wapi?"

"Mwilini mwake. Chumvi inayavuta. Ndiyo maana anakauka, wala haozi."

Jibu lake mwenyewe lilikuwa limemfikia. Lakini Mwadini alikuwa ameelewa kabla yake.

"Kwa hivyo maji yamo," alisema, "na chumvi imeyashika. Mizizi haiwezi kuyanywa."

"Ndivyo, Mzee. Mnazi ni mti wa pwani, umejaliwa kuvumilia chumvi. Nyanya haina uwezo huo. Kwake, udongo wenye chumvi nyingi ni kama udongo mkavu. Mmea unaona kiu huku miguu iko majini."

Mwadini alipindua ndoo, akaikalia.

"N'mezikausha kwa mkono wangu," alisema. "Kila siku n'kibeba mzigo, n'kisema naziokoa." Alivua kofia, akaiweka gotini. "Basi. Mama Afra, twende nyumbani."

Mwanamwema alijua sauti ile. Akiondoka sasa, hatarudi. Alimtazama Zipporah, na macho yake yalimwomba.

"Mzee, nenda," alisema Zipporah. "Lakini kwanza nijibu swali moja. Mbona haijafa?"

"Nini?"

"Minyanya yako. Jua kali, maji hainywi, chumvi inaivuta. Samaki angekuwa ameshakuwa mkavu. Hii bado ina ubichi. Kwa nini?"

Mwadini alitazama minyanya. Na Mwadini, hata alipozama kwenye huzuni kiasi gani, hakupenda kuulizwa swali asilokuwa na jibu lake. Alibaki juu ya ndoo.

Zipporah alitoa kichupa cha rangi ya kucha kwenye mkoba wake, ile isiyo na rangi. Akapaka kidogo chini ya jani la mnyanya wa Mwadini. Kisha akaenda kupaka jani la mnyanya wake mwenyewe.

"Sasa anazipamba," alinong'ona Mwadini.

"Nyamaza," alisema mkewe, lakini moyo wake uliruka kidogo. Mumewe alikuwa ametania tena.

Rangi ilipokauka, Zipporah aliibandua kwa utepe wa gundi. Ilitoka kama ngozi nyembamba, imechukua alama za jani. Akabandika kilenzi kidogo cha kukuzia vitu kwenye kamera ya simu yake, akampa mzee.

"Tazama kwanza langu. Unaona nini?"

Mwadini alitazama. Alisogeza simu, akaitazama tena. "Midomo," alisema. "Midomo midogo, tele. Iko wazi."

"Hiyo ndiyo midomo ya jani. Mmea unaitumia kuvuta hewa, na hewa ni sehemu ya chakula chake. Kwa hewa, maji na mwanga wa jua, unajipikia sukari. Lakini midomo ikiwa wazi, maji nayo hutoka kama mvuke. Sasa tazama lako."

Mwadini alitazama. Alisogeza simu karibu na jicho. Alimpa mkewe simu. Mwanamwema aliona midomo ile ile, lakini yote ilikuwa imefumba. Mstari mwembamba tu ulibaki, kama jicho la aliyelala.

"Nani kaiambia ifumbe?" aliuliza Mwanamwema.

"Hilo ndilo linalonifanya niende kazini kila siku," alisema Zipporah. "Mmea hauna ubongo. Lakini mizizi ikikosa maji, habari hupanda hadi kwenye majani. Mmea hutengeneza kemikali ya onyo, ambayo sisi tunaiita asidi ya absisiki. Jina si lazima ulishike. Kemikali hiyo ikifika kwenye midomo, midomo inafumba, na maji yaliyomo hayapotei ovyo."

"Subhanallah," alisema Mwadini.

"Huo ni mwanzo tu. Mama Afra, stroberi ukizinyunyizia sukari?"

"Zinatoa maji."

"Sawa na chumvi, sivyo? Sukari nayo huvuta maji. Basi mmea ukiwa na kiu unaanza kupika. Jani limejengwa kwa seli, vyumba vidogo vidogo mno visivyoonekana kwa macho matupu. Ndani ya vyumba hivyo mmea huchukua wanga wake wa akiba, akiba ya chakula, na kuuvunja uwe sukari. Tena hutengeneza kitu kingine kiitwacho prolini, na kukijaza mle ndani. Unajua kwa nini?"

Mwanamwema alifikiri. "Ili wenyewe uvute maji."

"Ndivyo kabisa. Chumvi ya nje inavuta huku, mmea unavuta kule. Ni kuvuta kamba, mchana na usiku. Na prolini hiyo pia husaidia kulinda seli zisiharibike. Kwa sababu midomo ikifumba na jua likaendelea kupiga, ndani ya jani huzuka sumu. Mmea hutengeneza na dawa za kuzimua sumu hiyo."

Mwadini alikuwa ameinuka bila kujua. Alikwenda kwenye mnyanya uliolala kuliko yote, akaushika shina kwa vidole viwili, taratibu, kama mtu anayeshika mkono wa mgonjwa.

"Yote haya," alisema, "n'lipokuwa n'kiutazama n'kasema umeshindwa?"

"Yote hayo, Mzee."

"Mbona basi haukui? Mwezi mzima uko pale pale."

"Midomo ikifumba, hewa haiingii, na chakula kinapungua. Kile kidogo kilichopo unakitumia kujilinda. Haujakata tamaa. Umeacha kukua ili usife."

Mwanamwema aligeuza uso upande wa uzio. Alimfikiria mtu aliyekaa kwenye kiti, asiyesema, asiyetoka, na jinsi yeye alivyomdhania kuwa amekwisha. Machozi yalimtoka, akayafuta kwa ncha ya mtandio. Hakuna aliyemuuliza.

"Na ukipata maji?" aliuliza Mwadini.

"Ukipata maji matamu, yasiyo na chumvi, midomo inafunguka. Na ile prolini haitupwi. Mmea unaivunja na kuitumia kuanza kukua upya. Lakini sikudanganyi, Mzee. Kuna mingine imevutwa mno. Hiyo haitarudi."

"Tutajua tukijaribu," alisema Mwadini, akavaa kofia.

Walianza siku ile ile. Zipporah aliwaonyesha namna. Chumvi iliyo udongoni haiondoki kwa kungoja. Huoshwa kwa maji matamu, mengi, yanayomiminwa taratibu ili yashuke chini na kuibeba mbali na mizizi. Walijaza makopo kwenye tangi, mmoja akimpokea mwenziwe. Kuldip, mzee wa shamba la pembeni, alipoona wanavyohangaika, aliwapa na pipa lake la maji ya mvua ya zamani.

Baada ya kuosha udongo, waliufunika kwa majani makavu na maboksi yaliyokatwa, ili jua lisiufikie moja kwa moja. "Sasa usimwagilie kila ukiona majani yamelegea mchana," alionya Zipporah. "Jua la adhuhuri hulegeza hata mmea mzima. Jioni utasimama wenyewe. Ingiza kidole udongoni. Kikitoka kikavu, mwagilia asubuhi, shinani, maji mengi kwa mara moja. Mizizi itayafuata chini. Ukiupa vijiko vijiko kila saa, mizizi itabaki juu juu, na siku ukichelewa itaungua."

"Na maji yangu ya jikoni?" aliuliza Mwanamwema, akiwa na wasiwasi kidogo.

"Ya mchele lete. Ya mboga lete. Ya udhu lete, kama hayana sabuni. Yenye chumvi, yenye mafuta na yenye sabuni, mwaga kwenye sinki."

"Mbweha watakasirika," alisema Mwadini.

Siku zilizofuata zilikuwa ngumu. Mwadini alikwenda kila asubuhi na kurudi kimya. Mwanamwema hakuthubutu kuuliza. Aliweka chai mezani, akatazama uso wake, akajua kwamba bado. Minyanya ya katikati, iliyonyweshwa maji ya samaki zaidi, ilikauka ikawa vijiti. Mwadini aliing'oa mwenyewe. Mkewe alingoja kusikia neno lile la ufunguo. Halikuja, lakini hakuthubutu kufurahi.

Asubuhi moja simu yake ililia. Alikuwa Mwadini.

"Njoo," alisema.

"Kuna nini?"

"Njoo tu."

Alitoka na viatu vya ndani. Alipofika, alimkuta mumewe amepiga magoti mbele ya mnyanya mmoja wa pembeni. Majani ya zamani yalikuwa na kingo zile zile za kahawia. Lakini juu kabisa, penye ncha, palikuwa na jani jipya. Lilikuwa dogo kuliko ukucha, la kijani, limekunjika bado.

"Hii ndiyo ile prolini," alisema Mwadini kwa sauti ya chini. "Kile ulichojilinda nacho, sasa unakijengea. Mama Afra, jani hili limejengwa kwa siku zile mbaya."

Mwanamwema alipiga magoti kando yake. Hakuwa na elimu ya mimea, lakini alilishika jani lile kwa ncha ya kidole. Walikaa pale wakitazama jani moja, watu wazima wawili, mpaka Kuldip akawapungia mkono kuuliza kama wamepotelewa na kitu.

Afra alipopiga simu jioni ile, baba yake hakumpa mama simu. Alimweleza habari za midomo, na kamba inayovutwa, na stroberi. Afra alimjibu kwa Kiingereza, kama kawaida yake, na Mwadini akamrudia kwa Kiswahili, na wakabishana kuhusu sukari hadi chakula kikapoa. Mwanamwema alikipasha moto tena bila kunung'unika.

Minyanya iliyopona ilichanua kwa kuchelewa. Mvua nayo ikaja, mvua ya London ya kunyunyiza, na watu wakarudi kuilalamikia. Mwanzoni mwa Septemba nyanya ziliiva. Hazikuwa nyingi. Zilikuwa ndogo, na ngozi yake ngumu kidogo. Zipporah alikuja kuonja.

"Ni tamu," alisema. "Nyanya iliyopata kiu mara nyingi hubeba maji machache, basi utamu wake unakolea. Nyanya za dukani haziwezi kufika hapa."

"Tungule," alisahihisha Mwadini.

"Nyanya, Mzee."

"Umekuja kula tungule za Mpemba, utaziita tungule."

Mwanamwema alikuwa ameweka ubao magotini, anakata za kachumbari. Alicheka nao huku akiendelea kukata. Mumewe alikuwa amesimama katikati ya konde, pale palipobaki wazi, anapima kwa hatua.

"Mwakani," alisema Mwadini, "n'tazipanda mbalimbali kidogo, mizizi ipate pa kushuka. Na hapa n'tatia bamia."

Kisu cha Mwanamwema kilisimama. Tangu astaafu, mumewe hakuwahi kuitaja siku iliyo mbele zaidi ya kesho.

"Umesema nini?" aliuliza.

"Bamia."

"Kabla ya bamia."

"Mwakani," alisema Mwadini, kisha akamtazama kwa mshangao, kwa sababu mkewe alikuwa akilia juu ya ubao, na kitunguu alikuwa bado hajakikata.